Wakili, Ofisa Ustawi na Mtoto wa Dola: Funzo la Miaka 150 ya Mahakama za Marekani

Dola inapomchukua mtoto kutoka mikononi mwa wazazi wake na kumkabidhi kwa familia nyingine, nani husimama mahakamani kwa niaba yake? Mzazi mwenye uwezo atakuja na wakili. Serikali itakuja na mwanasheria wake, pamoja na ofisa ustawi wa jamii aliyebeba jalada. Mtoto, ambaye shauri zima linamhusu, na ambaye usiku huo atalala mahali atakapopachagua hakimu, mara nyingi hana mtu. Kila ninapolileta swali hili darasani, huwapo mwanafunzi anayejibu bila kusita: “Lakini si yupo ofisa ustawi?” Makala hii ni jibu langu kwa mwanafunzi huyo. Ni jibu la kihistoria, kwa kuwa ipo nchi iliyoishi miongo mingi ikiamini hivyo hivyo, kisha ikalazimika kubadili mawazo.

Nchi hiyo ni Marekani. Siichagui kama kielelezo cha kuigwa. Yapo mengi katika historia yake ya watoto yanayotia uchungu. Naichagua kwa sababu imejaribu karibu kila njia, na makosa yake yameandikwa katika hukumu na sheria ambazo yeyote anaweza kuzisoma.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kwa “malezi ya kambo” simaanishi hali ya mtoto anayeishi na mke au mume mpya wa mzazi wake, ingawa lugha yetu hutumia neno hilo hapo pia. Namaanisha utaratibu wa kisheria ambao mtoto huwekwa kwa muda katika familia isiyo yake, kwa amri au idhini ya mamlaka ya umma, wakati hatima yake ikiamuliwa: arudi kwao, akae na ndugu wa ukoo, au aasiliwe. Kwa muda wote huo mzazi wake wa kisheria ni dola. Ndiyo maana namwita mtoto wa dola.

Mwanzoni utaratibu huu haukuwa na mahakama wala wakili. Mwaka 1853 mchungaji Charles Loring Brace alisaidia kuanzisha taasisi ya Children's Aid Society jijini New York. Kuanzia mwaka 1854 hadi 1929, taasisi hiyo na nyingine za aina yake ziliwapandisha kwenye treni watoto wanaokadiriwa kufikia 200,000, wakatolewa katika miji ya mashariki na kupelekwa kwa familia za wakulima wa bara. Walipofika walipangwa mbele ya wenyeji ili kila familia ichague wa kwake. Historia imezibatiza treni hizo jina la “treni za yatima”, lakini wengi wa watoto hao walikuwa na mzazi mmoja au wote wawili wakiwa hai; kosa la wazazi lilikuwa ufukara. Waliowapeleka waliamini kwa dhati kwamba wanawaokoa. Hakuna aliyewauliza watoto wenyewe, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza kwa niaba yao.

Shauri la kwanza lililoitikisa nchi lilitokea mwaka 1874. Msichana wa miaka kumi hivi, Mary Ellen Wilson, alikuwa akipigwa na kufungiwa ndani na mama mlezi wake katika mtaa wa maskini jijini New York. Jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau ni kwamba mtoto huyo hakuwa ameokotwa njiani. Alikuwa amekabidhiwa na ofisi ya umma ya misaada kwa maskini, kwa mkataba uliomtaka mlezi atoe taarifa za maendeleo yake. Dola ilimtoa, dola ikamsahau.

Aliyemkumbuka ni mwanamke aliyeitwa Etta Wheeler, mtumishi wa kanisa aliyekuwa akitembelea familia za mtaa ule. Alisikiliza majirani, akatafuta kisingizio cha kubisha hodi ili amwone mtoto kwa macho yake, akabisha pia milango ya taasisi mbalimbali akiomba msaada. Hatimaye alimfikia Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, na wakili wa chama hicho, Elbridge Gerry. Kuna hadithi inayosimuliwa hadi leo kwamba Mary Ellen aliokolewa kwa sheria ya wanyama. Si kweli. Gerry alitumia sheria inayomhusu binadamu aliyezuiliwa isivyo halali, akamfikisha mtoto mbele ya Jaji Abraham Lawrence, naye mtoto akaeleza mwenyewe aliyotendewa. Mlezi alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mary Ellen alilelewa na jamaa za Etta Wheeler, akaolewa, akapata watoto wake, akafariki mwaka 1956.

Naitilia mkazo habari hii kwa sababu ndani yake kuna mgawanyo wa kazi ambao Marekani ingehitaji karne nzima kuurudia. Etta Wheeler alijua yaliyotokea ndani ya chumba kile, ila hakuwa na uwezo wa kumleta mtoto mbele ya jaji. Gerry aliijua njia ya mahakamani, ila bila ushahidi wa Wheeler hakuwa na la kusema. Na tazama jambo la tatu: kati yao hakuna aliyekuwa mwajiriwa wa ofisi iliyomtoa mtoto.

Robo karne baadaye mgawanyo huo ulivunjwa, tena na watu wema. Kikundi cha wanawake wa Chicago, miongoni mwao Jane Addams, Julia Lathrop na Lucy Flower, kilipigania mahakama maalumu ya watoto, na tarehe 3 Julai 1899 mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi katika Kaunti ya Cook, jimbo la Illinois. Walikuwa wameona watoto wakifungwa pamoja na wahalifu wazima, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mahakama yao ilishughulikia kwa pamoja mtoto aliyetuhumiwa kuvunja sheria na mtoto aliyetelekezwa, kwa imani kwamba wote wawili wanahitaji malezi kuliko adhabu. Jaji angekuwa kama baba. Ofisa probesheni angemtembelea mtoto nyumbani, angezungumza na mwalimu na jirani, kisha angemshauri jaji. Mmoja wa maofisa hao wa mwanzo, Alzina Stevens, alitoka Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyoanzishwa na Addams na mwenzake Ellen Gates Starr.

Katika mahakama hiyo wakili hakuwa na nafasi ya maana. Wakili huleta mabishano, na hapa hapakuwa na wa kubishana: jaji, ofisa na dola wote walimtakia mtoto mema. Majimbo mengine yaliiga haraka, na ndani ya kizazi kimoja karibu nchi nzima ilikuwa na mahakama za namna hiyo. Wakati huo huo taaluma ya ustawi wa jamii ilikuwa ikikomaa. Mwaka 1917 Mary Richmond alichapisha kitabu *Social Diagnosis*, ambacho kilijaribu kuifundisha taaluma hiyo changa namna ya kukusanya na kupima ushahidi, kikiazima mengi kutoka kwa wanasheria. Ajabu ni kwamba taaluma iliyojifunza ushahidi kutoka katika sheria ilipewa mahakama ambayo ushahidi wake haukuwa na wa kuuhoji.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mtu mbaya. Walisema tu kwamba mkono wake uko upande mmoja wa ngoma, na ngozi itafuata mkono. Ofisa aliyeajiriwa na mamlaka inayomshikilia mtoto ana bajeti ya mwajiri wake, uhaba wa familia walezi, mkuu wa idara anayetaka takwimu, na hofu ya kulaumiwa lolote likitokea. Akiandika katika taarifa yake kwamba makazi fulani yanamfaa mtoto, huenda anasema kweli. Huenda pia anasema kwamba makazi hayo ndiyo yaliyopatikana. Jaji anayesoma karatasi hana njia ya kuitenga kauli ya kwanza na ya pili.

Udhaifu huo ulianikwa hadharani mwaka 1967, katika shauri la kijana wa Arizona aliyeitwa Gerald Gault. Alikuwa na miaka 15 alipotuhumiwa, mwezi Juni 1964, kumpigia jirani simu ya matusi. Mlalamikaji hakufika mahakamani. Kijana hakuwa na wakili. Jaji aliamuru apelekwe shule ya maadilisho hadi atimize miaka 21, yaani miaka sita, kwa kosa ambalo mtu mzima angetozwa faini ya dola 5 hadi 50 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili. Tarehe 15 Mei 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Abe Fortas, ilitamka kwamba mtoto anayekabiliwa na hatari ya kunyimwa uhuru wake ana haki ya kuwa na wakili.

Hukumu hiyo husomwa sana na wanafunzi wa sheria, na kipande chake kimoja kinastahili kusomwa na kila ofisa ustawi. Jimbo la Arizona lilidai kwamba ofisa probesheni alitosha kulinda maslahi ya kijana. Mahakama ikakataa. Ofisa huyo ndiye aliyemkamata, ndiye aliyewasilisha maombi dhidi yake, na ndiye shahidi. Hawezi kuwa mtetezi wake pia. Hilo ndilo jibu kwa “si yupo ofisa ustawi”, nalo lilitolewa na mahakama ya juu kabisa ya nchi iliyobuni mfumo wenyewe. Kwa lugha yetu tungesema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Lakini hukumu ya Gault ilimkomboa mtoto mmoja na kumwacha ndugu yake mlangoni. Ilihusu mtoto anayetuhumiwa kosa. Mtoto aliyetelekezwa au aliyepigwa, anayepelekwa katika malezi ya kambo bila kosa lolote, hakuguswa. Jimbo la New York lilikuwa limetangulia: sheria yake ya mahakama ya familia ya mwaka 1962 iliweka mawakili wa watoto hata katika mashauri ya utelekezaji. Majimbo mengi hayakufuata. Ikawa kwamba aliyevunja dirisha la jirani ana haki ya wakili, na aliyevunjwa mkono na baba yake hana.

Bunge la Marekani lilijaribu kuliziba pengo hilo mwaka 1974, kwa sheria ya kuzuia na kutibu unyanyasaji wa watoto. Jimbo lililotaka fedha za serikali ya shirikisho chini ya sheria hiyo lilitakiwa kumteulia kila mtoto mwenye shauri kama hilo mlezi wa shauri, yaani mtu anayesema kwa niaba yake katika shauri hilo tu. Sheria haikusema kwamba mtu huyo lazima awe wakili. Mwaka 1977 Jaji David Soukup wa Seattle, akisumbuliwa na uamuzi aliolazimika kuutoa kwa kujua machache mno kuhusu watoto, alianza kuwaandaa wananchi wa kujitolea kuifanya kazi hiyo. Mpango wake ulienea nchi nzima, na umewapa watoto wengi mtu mzima mmoja anayelijua jina lao na anayefika anapoahidi. Hilo si jambo dogo. Hata hivyo, mtu wa kujitolea kwa kawaida humweleza jaji kile anachokiona yeye kuwa ni maslahi bora ya mtoto. Mara nyingi hawezi kukata rufaa wala kumhoji shahidi wa serikali, na analoambiwa na mtoto faraghani halilindwi na siri ya wakili na mteja wake.

Hapa pana tofauti ambayo wanafunzi wangu huichanganya: maslahi ya mtoto na matakwa ya mtoto. Mtu mzima anapoandika juu ya maslahi ya mtoto, anaandika maoni yake. Historia inaonyesha jinsi maoni hayo yanavyoweza kupotoka yakiwa na nia njema kabisa. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1960 na 1970 ulionyesha kwamba kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wa Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wametenganishwa na familia zao. Bunge lilipochunguza sababu, lilibaini kwamba maofisa wengi waliuona umaskini kama utelekezaji, na walimwona mtoto anayelelewa na bibi au shangazi kama mtoto aliyetupwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kufafanuliwa ubaya wa kipimo hicho. Kwa kipimo hicho wengi wetu tungekuwa watoto wa dola. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kulinda watoto wa jamii hizo. Pamoja na mengine, sheria hiyo ilimpa mzazi asiye na uwezo haki ya kuteuliwa wakili, na ikairuhusu mahakama kumteulia mtoto wakili wake.

Mjadala kuhusu nani hasa awe sauti ya mtoto uliendelea. Mwezi Desemba 1995 mawakili, majaji na wataalamu wa ustawi wa jamii walikutana katika Chuo Kikuu cha Fordham jijini New York, na msimamo wao ulikuwa kwamba wakili wa mtoto amtumikie mtoto kama anavyomtumikia mteja yeyote, kwa kufuata maelekezo yake kadiri anavyoweza kuyatoa. Mwaka uliofuata chama cha wanasheria wa Marekani kilitoa viwango vya kazi hiyo, na mwaka 2011 kikatoa sheria ya mfano yenye mwelekeo huo.

Kufikia hapo palikuwa na kanuni nzuri. Kwamba kanuni pekee haitoshi, kulidhihirika Georgia. Mwaka 2002 watoto walio katika malezi ya kambo mjini Atlanta waliishtaki serikali ya jimbo pamoja na kaunti mbili, Fulton na DeKalb, katika shauri lijulikanalo kama Kenny A. Mawakili wa watoto walikuwapo kaunti zote mbili. Huko Fulton, hata hivyo, mawakili wanne waligawana watoto zaidi ya 1,700, yaani kila mmoja alikuwa na watoto zaidi ya 400. Jumuiya ya kitaifa ya mawakili wa watoto wakati huo ilikuwa ikishauri wasizidi 100. Wakili mwenye wateja 400 huwaona baadhi yao kwa mara ya kwanza kwenye korido ya mahakama, dakika chache kabla ya shauri kuitwa, kama anawaona kabisa.

Mwezi Februari 2005 Jaji Marvin Shoob wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba chini ya katiba ya Georgia mtoto huyo ana haki ya wakili, na kwamba haki hiyo inadai wakili anayeweza kweli kuifanya kazi yake. Upande wa pili ulisema jaji wa watoto, watu wa kujitolea na idara ya ustawi wanatosha kumlinda. Jaji Shoob alijibu kwamba jaji hawezi kwenda kuchunguza mwenyewe. Anategemea kabisa taarifa anazoletewa, na huenda taarifa hizo zina kasoro. Kaunti zote mbili hatimaye zilikubali kuongeza mawakili.

Ndipo lilipoibuka jambo ambalo ofisi chache zilikuwa zimekwisha kulitambua kwa uzoefu. Hata ukimpunguzia wakili mashauri, bado kuna mambo ambayo shule ya sheria haikumfundisha. Hakufundishwa kuzungumza na mtoto wa miaka sita aliyeacha kusema. Hakufundishwa kutambua kwamba mtoto anayesema “nataka kurudi nyumbani” pengine anamaanisha anamtaka mdogo wake waliyetenganishwa naye. Hajui kusoma cheti cha dawa za akili wala ripoti ya mwalimu. Mtaalamu wa ustawi wa jamii anayajua hayo. Kwa hiyo ofisi hizo zikamwajiri, akakaa meza moja na wakili, akiwa upande wa mtoto.

Kazi yake ni ya miguu kuliko ya kalamu. Huenda katika nyumba ya walezi na shuleni. Hulisoma jalada la idara, na kulinganisha yaliyoandikwa na anayoyaona. Humtafuta shangazi au babu ambaye idara haikumfuatilia. Humweleza mtoto, kwa lugha ya umri wake, jaji ni nani na kesho kutaamuliwa nini. Humsaidia wakili kupanga pendekezo mbadala ili asiishie kulipinga pendekezo la serikali, bali aseme mtoto akae wapi, kwa msaada upi, na gharama yake ni ipi. Tofauti yake na mwenzake wa idarani haiko katika elimu, kwa kuwa wamesoma vitabu vile vile. Iko katika swali la nani anayemwajiri na nani anayeitunza siri yake.

Swali la siri lina ugumu wake, na sipendi kulifunika. Wakili hufungwa na siri ya mteja. Mtaalamu wa ustawi wa jamii, kwa sheria za majimbo mengi, anawajibika kutoa taarifa anaposhuku kwamba mtoto ananyanyaswa. Wakikaa ofisi moja, sheria ipi itawale? Majimbo hayajibu kwa namna moja. Ofisi makini huliweka wazi tangu mwanzo: humweleza mtoto ni yapi yatabaki kati yao na ni yapi hayawezi kubaki. Mtoto akidanganywa katika hilo mara moja, hatasema tena, na hapo timu nzima imekosa kazi.

Je, mpango huu unazaa matunda? Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka upande wa pili wa meza, kwa wazazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha mashauri ya New York ambayo wazazi walitetewa na timu ya wakili, mtaalamu wa ustawi wa jamii na mzazi aliyewahi kupitia mfumo huo, na yale yaliyoshikwa na wakili mmoja peke yake. Watoto wa kundi la kwanza walikaa katika malezi ya kambo kwa wastani wa siku 118 pungufu, na usalama wao haukupungua. Utafiti huo haukumpima wakili wa mtoto, na sitaki kuufanya useme zaidi ya uliyosema. Unachothibitisha ni kwamba taaluma hizi mbili zikikaa upande mmoja, mtoto hakai njiani muda mrefu kama awali. Kwa mtoto wa miaka mitatu, siku 118 ni sehemu kubwa ya maisha anayoyakumbuka.

Mwishowe fedha ikafuata hoja. Tangu mwaka 1980 serikali ya shirikisho imekuwa na mfuko maalumu wa malezi ya kambo. Kwa miaka mingi mfuko huo ulilipia sehemu ya gharama za mwanasheria wa idara, na haukumlipia wakili huru wa mtoto. Mwaka 2019 mwongozo ulibadilishwa: majimbo yakaruhusiwa kudai nusu ya gharama za wakili huru wa mtoto na wa mzazi, na baadaye ikafafanuliwa kwamba gharama za mtaalamu wa ustawi wa jamii anayemsaidia wakili huyo nazo zimo. Kanuni ya mwaka 2024 iliuimarisha mpango huo. Kutoka Etta Wheeler hadi kanuni hiyo ni miaka 150. Hata sasa majimbo yanatofautiana, na si kila mtoto wa dola nchini Marekani amehakikishiwa wakili.

Kwetu je? Marekani haijauridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Sisi tumeuridhia, na tumeuridhia pia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao ibara yake ya 4 inataka mtoto asikilizwe katika mashauri yanayomhusu, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi asiyependelea upande wowote. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kenya ina ibara ya 53 ya Katiba yake na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kwa maandishi, hatukupungukiwa.

Lakini itazame nafasi tuliyomweka ofisa ustawi. Katika sheria ya Tanzania ndiye anayechunguza malalamiko, ndiye anayeiomba mahakama amri ya matunzo, ndiye anayemfuatilia mtoto baada ya amri kutolewa, na ndiye anayeandika taarifa ambayo hakimu ataisoma. Namheshimu ofisa huyo. Wengi nimewafundisha, na najua mzigo wanaoubeba. Kwa sababu hiyo hiyo nasema si haki kumwambia awe pia mtetezi wa mtoto pale mtoto anapolalamikia uamuzi wa ofisi yake. Tukifanya hivyo tunamtwisha yeye lawama, na tunamnyima mtoto mtu.

Wapo watakaosema hatuna fedha za mawakili wa watoto. Huenda hatuna za kumtosha kila mtoto mwaka huu. Hata hivyo, hatua ya kwanza haidai fedha nyingi. Mashirika ya msaada wa kisheria tayari yana mawakili na wasaidizi wa kisheria, na vyuo vyetu kila mwaka vinahitimisha wataalamu wa ustawi wa jamii wasio na ajira. Kanuni inaweza kutamka kwamba katika kila shauri ambalo mamlaka ya umma inaomba kumtoa mtoto kwao, au kuamua hatima yake akiwa katika malezi ya kambo, mtu anayemsemea mtoto asiwe mwajiriwa wa mamlaka hiyo. Inaweza kutamka kwamba mtu huyo awe amemwona mtoto mahali anapoishi kabla ya siku ya shauri. Inaweza kuweka kikomo cha watoto anaowashika, na kuilinda siri yao.

Watumishi wa umma wanaoandaa kanuni hizo ni miongoni mwa wasomaji wangu. Watakapofika kwenye kifungu kinachosema “mtoto atawakilishwa”, naomba waongeze maneno machache yanayojibu: na nani, na analipwa na nani, na mtoto akimwambia jambo, litaishia wapi.